Je, wajua kwa nini toleo la programu likishatoka halirekebishwi, hutolewa jingine?

Simu ilitoka Wete, Pemba, Jumamosi asubuhi, kwa kijana mmoja mtengenezaji wa programu. "Shikamoo, ami." Nikaitikia marahaba, na kabla sijamwuliza hali ya huko akanieleza kilichompata. Ana programu ndogo ya simu inayowapelekea wazazi wa madrasa matangazo. Safari hii ilikuwa maulidi ya usiku wa Ijumaa, saa mbili. Wazazi wakafika Ijumaa baada ya sala ya Isha, wakakuta mlango umefungwa na mikeka imekunjwa. Maulidi yalikuwa yameshasomwa jana yake.

Kwetu visiwani siku huanza magharibi. Jua likichwa Alhamisi, usiku unaoingia ndio usiku wa Ijumaa. Kompyuta haijui hayo. Kwake siku hugeuka saa sita ya usiku. Na hapo ndipo kosa lilipokuwa, na kosa lilikuwa langu.

Mimi na wenzangu wawili hapa Unguja tunatunza maktaba ndogo ya programu huria, yaani kipande cha msimbo ambacho mtu yeyote anaweza kukichukua bure, kukisoma, kukibadili na kukitia ndani ya programu yake. Programu ya kijana huyo hutumia maktaba hiyo, ambayo kazi yake ni kutafsiri baina ya saa ya kompyuta na saa ya Kiswahili. Ukiipa 19:30 inakurudishia saa moja na nusu usiku. Toleo la 1.3.0 liliongeza hesabu ya siku inayoanza magharibi. Sheria yake si ngumu: "saa mbili, usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi kwenye kalenda, kwa hiyo tarehe hurudi nyuma siku moja, lakini "saa nane, usiku wa Ijumaa" imeshavuka saa sita, ni Ijumaa yenyewe, tarehe hairudi. Mimi palipotakiwa alama ya "kubwa kuliko" niliandika ya "ndogo kuliko". Saa mbili ikasukumwa hadi Ijumaa, saa nane ikarudishwa Alhamisi.

Kijana alikuwa ameshausoma msimbo mwenyewe na kuliona kosa. Ndiyo raha ya msimbo ulio wazi. Akaniuliza, "Ami, si alama moja tu hiyo? Ingia ghala la mtandaoni uirekebishe hiyo hiyo 1.3.0, sisi tutaipakua upya. Toleo jipya la nini?"

Swali lake ni zuri, na nimelisikia kwa wengi wanaoanza kazi hii.

Tuanze na namba yenyewe. Maktaba nyingi za programu huria hufuata utaratibu wa namba tatu ulioandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ambako watu huhifadhi na kushirikiana misimbo. Namba ya kwanza hupanda pale mabadiliko yanapovunja matumizi ya zamani. Ya pili hupanda unapoongeza kitu bila kuharibu kilichokuwapo. Ya tatu ni ya viraka, marekebisho ya makosa. Watu wengi huishia hapo. Lakini ndani ya utaratibu huo mna sharti jingine lisilotajwa sana, nalo kwangu ndilo kubwa: toleo likishatolewa, kilichomo ndani yake kisiguswe tena; badiliko lolote, hata liwe dogo vipi, litoke kwa namba mpya. Maana yake 1.3.0 si jina la maktaba yetu "kama ilivyo sasa". Ni jina la faili moja mahususi, yenye kila herufi mahali pake, pamoja na kosa langu.

Kwa nini ukali wote huo? Ifuate faili safari yake.

Siku ya kutoa toleo, kwanza tunaendesha majaribio. (Yalikuwapo, yakapita yote, hakuna lililouliza habari za saa mbili usiku.) Kisha tunaandika orodha ya mabadiliko, tunaweka lebo ya 1.3.0 kwenye historia ya msimbo, tunaufunga kuwa kifurushi kimoja, tunakipakia ghalani. Sisi tunatumia PyPI, ghala la watumiaji wa lugha ya Python. Wa JavaScript wana npm. Mpaka hapo unaweza kudhani kifurushi kimekaa mahali pamoja, kama gunia la karafuu lililopokewa na kuwekwa stoo. Sivyo. Mtu wa kwanza kukiomba akiwa mbali na ghala, seva ya kati iliyo karibu naye inabaki na nakala ili wa pili asisubiri. Makampuni yanayojali kazi yao huweka nakala kwenye seva zao wenyewe. Programu ya kupakulia nayo huhifadhi nakala ndani ya kompyuta yako. Na huku kwetu kuna njia ambayo hakuna ghala linaloihesabu: flashi. Bando ni ghali, mtandao una siku zake, kwa hiyo mmoja anapakua Mjini, anapanda boti, na mwenzake wa Chake Chake ananakili kutoka kwenye flashi bila kugusa intaneti.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota vibaya Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Waliokuwa na kazi ya kufanya waliifanya kwa vilivyokuwa tayari kwenye mashine zao. Siku kama zile, hata ungekuwa na marekebisho mazuri namna gani, yangempataje mtu huyo?

Sasa chukua kwamba nimemsikiliza kijana, nimeingia ghalani na kubadili alama ile moja bila kubadili namba. Zipo 1.3.0 mbili duniani. Moja inasema maulidi ni Alhamisi, nyingine Ijumaa, na zote zinajibu jina lile lile. Mtu wa Mkoani ananipigia: "Programu inakosea siku." Namwuliza ana toleo gani. "1.3.0." Jibu hilo halinisaidii kitu. Ni sawa na dawa ya zamani na dawa mpya kutiwa kwenye chupa zenye lebo moja. Anayeumwa akirudi hospitali, daktari hana namna ya kujua alikunywa ipi.

Na hata ningetaka, mashine zenyewe zingekataa. Hapa pana ufundi ninaoupenda sana. Faili zima la kifurushi hupitishwa kwenye hesabu iitwayo SHA-256, na kinachotoka ni mstari wa herufi na tarakimu 64. Faili likiwa lile lile, mstari ni ule ule, iwe Wete au Tokyo. Ukigeuza alama moja tu, mstari wote hubadilika, hautafanana hata kidogo na wa mwanzo. Watengenezaji makini huhifadhi mistari hiyo kwenye orodha ya vifurushi vya programu yao. Kompyuta ikishapakua, hupiga hesabu upya na kulinganisha. Isipolingana, usakinishaji husimama hapo hapo. Kompyuta haina namna ya kujua kwamba aliyebadili faili ni mimi mwenye maktaba, kwa nia njema, kurekebisha siku ya maulidi. Kwake mimi na mwizi tuko sawa. Kwa sababu hiyo PyPI haikubali jina la faili litumike mara ya pili, hata kama la kwanza umelifuta.

Maji yakimwagika hayazoleki. Unachoweza ni kuteka mengine.

Mfano nisiousahau ni wa mwezi wa Machi 2023, na unahusu saa pia. Karibu kila simu na seva duniani hubeba data za kanda za saa zinazotunzwa na watu wa kujitolea wakiongozwa na Paul Eggert, na kusambazwa kupitia IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti. Matoleo yake hayana namba tatu. Yana mwaka na herufi. Humo ndimo Unguja na Pemba zinamopata saa yake: jina utakaloliona ni Africa/Dar_es_Salaam, nalo kwa ndani limeelekezwa kwenye Africa/Nairobi. Sisi tulio karibu na ikweta hatusogezi saa mbele wala nyuma, kwa hiyo mstari wetu hauna misukosuko. Lebanon husogeza. Mwaka ule saa zilikuwa zisogezwe mbele tarehe 26 Machi. Ramadhani ikaingia, na tarehe 23 Machi serikali ikatangaza kwamba zisisogezwe mpaka mwezi karibu uishe. Siku hiyo hiyo likatolewa toleo 2023b lenye agizo hilo. Kanisa la Wamaroni, Wakristo wa huko, likakataa, na baadhi ya shule na vituo vya televisheni vikafanya vivyo hivyo. Nchi ndogo ikawa na saa za namna mbili kwa wakati mmoja. Tarehe 27 serikali ikabadili uamuzi.

Wangefanyaje? 2023b ilikuwa imeshatoka, imeshachukuliwa. Hawakuifuta wala hawakuichokonoa. Tarehe 28 wakatoa 2023c, ambayo msimbo na data zake ni zile zile za 2023a, toleo lililoitangulia 2023b. Ukitazama haraka utaona kichekesho, herufi imeenda mbele na yaliyomo yamerudi nyuma. Mimi naona uaminifu. Kila mtu anaweza kutaja herufi moja, na mwenzake popote alipo akajua ni saa ipi inayozungumzwa.

Namba kwenda mbele huku yaliyomo yakirudi nyuma si jambo la Lebanon peke yake. Machi 2024 iligunduliwa kwamba maktaba ya kubana faili iitwayo xz, toleo 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri na mtu aliyejenga imani ya mradi kwa muda mrefu kwa jina la Jia Tan. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa kiasi cha nusu sekunde na hakukubali kupuuza. Jambo la kutisha ni kwamba sehemu muhimu ya hila ile haikuwa kwenye historia ya msimbo inayosomwa na wote. Ilikuwa kwenye kifurushi cha toleo. Tangu hapo siwezi kuiona hatua ya kufunga kifurushi kama kazi ya kukamilisha tu. Watu wa Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, walitaka kuwarudisha watumiaji wao kwenye 5.4.5, lakini mashine hupandisha namba kwenda juu, hazishuki zenyewe. Wakatoa toleo waliloliita 5.6.1+really5.4.5-1, ambapo neno la Kiingereza la katikati linasema: kwa kweli ni 5.4.5. Namba ya juu kwa ajili ya mashine, ukweli kwa ajili ya binadamu, kwenye mstari mmoja.

Utauliza, basi si afadhali kulifuta kabisa lililoharibika? Mara nyingi hapana. Tarehe 22 Machi 2016 Azer Koçulu, baada ya mzozo wa jina la kifurushi chake kingine, aliondoa vifurushi vyake kwenye npm. Kimojawapo kiliitwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi kushoto mwa maandishi. Miradi mingi mikubwa iliyokuwa ikikitegemea, mingine bila kujijua, ilishindwa kujengwa siku ile mpaka kikarudishwa. Siku hizi npm inaruhusu kufuta kwa uhuru ndani ya saa 72 tu, na kama hakuna kifurushi kingine kinachokitegemea. Na namba iliyofutwa haitumiki tena. PyPI ina njia ya kati ninayoiona ya busara zaidi: mwenye maktaba hulitia toleo alama kwamba lisichukuliwe, akaandika sababu. Wapya halitawafikia. Aliyelitaja kwa namba kamili, kwa kuwa programu yake imejengwa juu yake, bado atalipata, pamoja na onyo.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Jumapili tuligeuza alama ile. Kisha tukaongeza majaribio mawili, moja la saa mbili na moja la saa nane, yote ya usiku wa Ijumaa. Tukabishana kidogo namba iwe ipi. Mwenzangu alitaka 1.4.0, kwa kuwa tarehe zinazotoka sasa ni tofauti na za zamani. Mimi nilisema ahadi yetu haikubadilika, tulichokosea ni kuitimiza, basi ni kiraka. Ikawa 1.3.1, na kwenye orodha ya mabadiliko tukaandika: "Saa za usiku kabla ya saa sita zilipewa tarehe ya siku inayofuata. Kama ulihifadhi tarehe zilizotolewa na 1.3.0, zipitie upya." Sentensi hiyo ya pili niliiona muhimu kuliko kiraka chenyewe, maana tarehe zilizokwisha kuandikwa kwenye daftari za watu hazirekebishwi na sisi. 1.3.0 tukaitia alama na sababu yake.

Jumanne kijana wa Wete alibadili tarakimu moja kwenye orodha yake na kupakua kifurushi kisichofika hata kilobaiti 20. Kwanza aliwatumia wazazi ujumbe wa kuwataka radhi, ndipo akanitumia picha ya tangazo la wiki ile. Maulidi, usiku wa Ijumaa, saa mbili. Chini yake, kwa maandishi madogo: Alhamisi.