Kusaka kiambata cha kupunguza unene kwenye mitishamba: maana yake nini?

Unga wa majani unaosifiwa kwamba unakata kitambi ni dawa ya asili, na watu wanauamini. Kusaka kiambata, yaani kemikali yenyewe inayotibu, ni kazi nyingine kabisa. Ni kuuliza: ndani ya mti huo kuna kemikali ipi hasa, inagusa wapi mwilini, na kwa kiasi gani? Jani moja linaweza kuwa na mamia ya kemikali. Moja huenda ndiyo yenye kazi, nyingi hazina lolote, na baadhi ni sumu.

Safari huanzia kwa wazee. Mtafiti anayefika Rondo au uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, huongozana na mtaalamu wa tiba asili, aambiwe mti gani, mzizi au gome, na huchumwa msimu gani. Hukata tawi lenye maua au matunda, akalibana kwenye magazeti likauke, kisha likapewa jina la kisayansi, maana Wamakonde na Wamwera huenda wakauita mti uleule majina tofauti. Hapa kuna haki ya mtu pia. Wasan, wawindaji wa jangwa la Kalahari, walitafuna mmea uitwao hoodia kuzuia njaa wakiwa mawindoni. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikaisajili hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, bila kuwauliza, na makubaliano ya kuwagawia Wasan sehemu ya mapato yakaja baadaye, mwaka 2003. Mwaka 2008 kampuni ya Unilever ikauacha mradi wa hoodia kwa sababu za usalama na ufanisi. Mzee wa Rondo aombwe ridhaa kabla tawi halijakatwa.

Kisha maabara. Majani yaliyokaushwa husagwa, yakalowekwa kwenye ethanoli (aina ya alkoholi) na kuchujwa. Jaribio linalopendwa sana linahusu lipase, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja mafuta ya chakula ili utumbo uyafyonze. Kikizuiwa, sehemu ya mafuta hutoka na choo. Mtafiti huchanganya lipase na kemikali isiyo na rangi ambayo ikivunjwa hutoa rangi ya njano. Kichupa kisicho na dawa hugeuka njano. Chenye maji ya mti kisipogeuka, kuna kitu kimekizuia kimeng'enya. Baada ya hapo dawa hupunguzwa kidogo kidogo mpaka kijulikane kiasi kinachokata kazi ya lipase kwa nusu. Kiasi hicho kikiwa kidogo, dawa ina nguvu.

Mtego upo hapohapo. Magome ya mikoko yetu yamejaa tanini, ndiyo maana yamewahi kutumika kutengenezea ngozi. Tanini hung'ang'ania karibu protini yoyote, lipase ikiwemo, kwa hiyo gome la mkoko linaweza kufaulu jaribio hili bila kuwa dawa ya unene hata kidogo. Mtafiti makini huondoa tanini kwanza, ndipo apime. Habari ya "mmea wa maajabu" isiyogusia jambo hili mimi siipi uzito.

Hata kiambata kikifaulu kweli, bado kinangoja seli za mafuta, panya, halafu watu. Mfano uliofika mwisho ni orlistat, dawa ya kupunguza uzito inayozuia lipase, iliyotokana na bakteria wa udongoni, wala si mti. Ilipata kibali Marekani mwaka 1999. Miligramu 120 pamoja na mlo huzuia takriban asilimia 30 ya mafuta ya chakula, na uzito hupungua kwa kiasi tu. Choo huwa cha mafuta, na vitamini A, D, E na K hufyonzwa kwa shida. Hayo ndiyo mafanikio halisi, kwa hiyo anayekuahidi kilo kumi kwa wiki anakudanganya.

Sanamaki, mmea wa kuharisha ambao wengine huutumia kupunguza uzito, ndiyo inayonitia hofu zaidi. Hufanya kazi kwenye utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, na ukinywa maji mizani inarudi palepale. Anayeitumia kila siku anaweza kuishiwa nguvu, hata moyo ukaanza kwenda mrama.

Na mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge akaongeza unga wa mti, amwambie mhudumu wa kituo cha afya jina la mti huo. Mimea mingine hushusha sukari, na ikijumlishwa na vidonge sukari inaweza kushuka mno, mtu akaanguka na kupoteza fahamu.