Je, wajua kwa nini panya hunyweshwa dawa kabla mguu wake haujavimba?

Ukisikia kwamba mizizi inayochemshwa Bagamoyo kwa maumivu ya viungo "imepunguza uvimbe kwa panya", ni rahisi kudhani panya mwenye mguu uliovimba alipewa dawa, akapona. Katika jaribio linalotumika zaidi, dawa ndiyo hutangulia na uvimbe hufuata.

Panya hunyimwa chakula usiku mzima, maji wanaachiwa. Hugawanywa makundi, mara nyingi sita sita: moja hupewa maji matupu, jingine indomethasini, dawa ya hospitali ya kupunguza uvimbe, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mengine dawa ya mizizi kwa vipimo vinavyopanda. Baada ya saa moja kila panya huchomwa sindano ya mililita 0.1 ya karaginani ya asilimia 1, kitu kinachovimbisha mguu, chini ya unyayo wa nyuma. Karaginani hutoka kwenye mwani! Hata mwani unaolimwa Mlingotini unayo, ingawa ya maabara kwa kawaida ni aina ya lambda, ilhali kotonii, mwani mmojawapo wa kulimwa, hutoa aina ya kappa.

Kisha mguu huzamishwa kwenye kimiminika hadi alama ya wino kifundoni, na kiasi kinachopanda ndicho ujazo wake. Hurudiwa kila saa mpaka ya tano. Ukizamishwa kupita alama hata kidogo, kosa hilo laweza kufunika kazi yote ya dawa. Kwa hiyo anayepima asijue panya yupi kapewa nini.

Saa ya kwanza uvimbe husukumwa zaidi na histamini na serotonini, kemikali za mwili wenyewe. Kuanzia kama ya tatu, husukumwa na kemikali nyingine za mwili, prostaglandini. Dawa inayoanza kufanya kazi saa ya tatu huenda inazuia prostaglandini, kama indomethasini. Huenda tu: dawa inayochoma tumbo nayo hupunguza uvimbe wa mguu, hasa ikidungwa tumboni badala ya kunyweshwa.

Na hata ikizuia kweli, paa la makuti lililolowanishwa mapema halishiki cheche, lakini hilo halithibitishi kuwa ndoo ileile ingezima paa linalowaka. Mgonjwa wa Tanga anayekwenda kwa mganga, goti lake limeshavimba.

Kwa swali lake, kama dawa hupunguza uvimbe uliokwishaanza, lipo jaribio jingine: panya huchomwa bakteria waliouawa, jamii ya wale wa kifua kikuu, wakiwa kwenye mafuta. Viungo huvimba kwa wiki kadhaa, na dawa yaweza kuanzishwa baada ya uvimbe kujitokeza. Ni ghali, na humtesa mnyama muda mrefu zaidi, kwa hiyo hufanywa kwa dawa chache zilizofaulu lile la saa tano.