Kuku Amepooza Miguu: Uliza Umri Kabla ya Kununua Dawa

Wafugaji wengi wa nyumbani huniuliza: kuku anakula vizuri, macho yake ni mazima, ila hasimami; apewe dawa gani? Mimi huanza na umri wake. Kwenye duka la dawa za mifugo mfugaji atauziwa OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria), na mara nyingi hiyo ni hela iliyopotea, kwa sababu visa vingi vya kupooza miguu havitokani na bakteria.

Kwa vifaranga wa wiki moja hadi tatu, tazama vidole. Vikijikunja kwa ndani na kifaranga akatembelea visigino, shaka ya kwanza ni upungufu wa vitamini B2, hasa kama amelelewa kwa pumba na chenga za mahindi tu. Mpe vitamini za kuchanganya na maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, siku 5 hadi 7. Changanya kiasi kitakachoisha ndani ya saa chache na uweke chombo kivulini, maana mwanga huiharibu B2. Akicheleweshwa, neva (mishipa ya fahamu) huharibika moja kwa moja na vidole havinyooki tena. Mdomo ukiwa laini na kupinda ukiubonyeza, hayo ni matege: amekosa vitamini D3, kalisi au fosforasi. Na tafadhali, usiwape vifaranga chakula cha kuku wa mayai. Kalisi yake ya asilimia 3.5 hadi 4 huharibu figo zao. Wao wanahitaji kama asilimia 1 tu.

Mitetea na majogoo machanga, kuanzia wiki ya 6 hadi ya 25 hivi, ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Kuku akilala mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, huku akikonda ingawa anataka kula, fikiria Mahepe. Kwenye chupa ya chanjo utaona jina Marek, la daktari wa mifugo wa Hungaria aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1907. Ni kirusi, hakina dawa. Hutoka na vumbi la ngozi na manyoya, na hukaa bandani miezi mingi.

Uthibitisho mzuri uko ndani ya paja. Kuku akifa, vaa glavu, mlaze chali, chana ngozi kati ya paja na tumbo, kisha vunja mapaja yote mawili yalale chini. Tenganisha misuli ya upande wa ndani wa paja taratibu kwa vidole. Utaona uzi mweupe unaoshuka sambamba na mfupa: hiyo ndiyo neva kuu ya mguu. Ikiwa nzima inang'aa na ina vimistari vyembamba vya kukatisha. Kwenye Mahepe, mara nyingi ya upande mmoja huwa imenenepa mara mbili au zaidi, ina rangi ya kijivu au njano, na vimistari vimefutika. Ndiyo maana lazima ufungue pande zote mbili na kulinganisha. Neva ikionekana ya kawaida, bado usiufute Mahepe kabisa. Peleka mzoga mbichi ndani ya barafu, usiogandishwa, kwenye maabara iliyo karibu ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania). Lakini kuku wengi wakifa kwa mkupuo, shingo zimepinda na kinyesi ni cha kijani, usipasue chochote: huenda ni mdondo (Newcastle). Mwite afisa mifugo.

Chanjo ya Mahepe huchomwa siku ya kwanza, kwenye kituo cha kutotoleshea. Kumchanja mtetea aliyekwisha kupooza hakusaidii. Tena chanjo huzuia uvimbe na kupooza, haizuii kirusi kuingia, kwa hiyo vifaranga wakae mbali na kuku wakubwa wiki za mwanzo, na wahudumiwe kabla ya wakubwa.

Kuku anayetaga sana akikutwa asubuhi amelala, na jana alikuwa mzima, tuhumu kalisi. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalisi, na sehemu kubwa hujengwa usiku. Kuku anayekula gramu 110 hadi 120 za chakula cha mayai kwa siku hupata gramu 4. Anayekula pumba hapati karibu chochote, basi huichota kwenye mifupa yake. Mtenge, mpe kalisi ya maji kutoka dukani, na weka chombo cha magamba ya chaza au kome yaliyopondwa vipande vya milimita 2 hadi 4. Vipande hubaki kwenye firigisi usiku kucha; unga hupita haraka.

Kabla ya kukata tamaa, inua mabawa. Watoto wa papasi (aina ya kupe) hujibana chini ya bawa kama vidoa vyeusi-vyekundu, na sumu ya mate yao hulegeza miguu, kisha mabawa. Watoe wote kwa kibano, na kuku aliyewahiwa huweza kusimama tena ndani ya siku chache. Papasi wakubwa hunyonya usiku na mchana hujificha, kwa hiyo ingia bandani na tochi, chunguza nyufa na maungio ya vichanja. Hustahimili njaa zaidi ya mwaka, hivyo kuliacha banda tupu miezi michache hakutawaua: ziba nyufa kwa udongo au saruji, choma vichanja vya zamani, na nyunyiza dawa ya kupe kwa kipimo cha mtengenezaji kuku wakiwa nje.