Anayewachangia Mahasimu Wote Anataka Nini?

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Nikikutana na malipo yasiyoeleweka, swali langu la kwanza ni hili: anayelipwa ana mamlaka gani juu ya anayelipa? Kampuni inayovichangia vyama mahasimu huitwa kigeugeu. Mimi naona msimamo wake uko wazi, ila hauhusu itikadi.

Chukua India. Kuanzia 2018 kampuni ilinunua hatifungani za uchaguzi State Bank of India, moja ikiwa na thamani ya kati ya rupia 1,000 na milioni 10, ikakikabidhi chama, nacho kikawa na siku 15 za kuiweka benki. Jina la mnunuzi halikuandikwa. Sheria ya zamani ilikataza kuchanga zaidi ya asilimia 7.5 ya wastani wa faida ya miaka mitatu. Kikomo hicho kiliondolewa 2017, hata kampuni yenye hasara ikaweza kuchanga. Mkaguzi akisikia hasara inatoa mchango, huuliza fedha ni za nani hasa.

Tarehe 15 Februari 2024 Mahakama ya Juu ilizifuta hatifungani hizo na kuamuru majina yatolewe. Benki iliomba muda hadi 30 Juni, yaani baada ya uchaguzi mkuu. Ikanyimwa. Kwanza zikatoka orodha mbili zisizokutana, wanunuzi huku, vyama kule. Kilichoziunganisha ni namba iliyofichwa kwenye kila karatasi, isiyoonekana ila kwa mwanga wa urujuanimno. (Siri, kumbe, ilikuwa kwa wananchi tu.)

Mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa kampuni ya bahati nasibu, Future Gaming: rupia bilioni 13.68. Zaidi ya bilioni 5 zilikwenda Trinamool Congress, chama tawala cha jimbo la West Bengal wakati huo. Nyingine zaidi ya bilioni 5 DMK, chama kilichoingia madarakani jimbo la Tamil Nadu 2021. Bilioni moja BJP ya waziri mkuu Narendra Modi, hasimu wa vyote viwili. West Bengal huruhusu bahati nasibu, hapo jibu ni jepesi. Lakini Tamil Nadu iliipiga marufuku tangu 2003! Leseni haielezi kitu huko. Nakumbuka basi kwamba mamlaka si kutoa tu, ni kudhuru pia: serikali ya jimbo inashika polisi, na ile ya kitaifa, Delhi, inashika idara ya fedha haramu, ambayo ilikuwa ikiichunguza kampuni hiyo hiyo. Orodha haithibitishi hongo. Inaonyesha nani alihitaji urafiki wa nani.

CPI(M), chama cha kikomunisti, kilikataa hatifungani hizo na kwenda mahakamani kuzipinga.

Njia moja iliyobaki ni amana za uchaguzi. Kampuni nyingi huweka fedha katika mfuko mmoja, mathalani Prudent, nao huzigawa kwa BJP, kwa hasimu wake wa kitaifa Congress (si Trinamool) na wengineo. Wachangiaji hutangazwa, mafungu ya vyama hutangazwa. Rupia ya nani imefika kwa nani, hapana.