Usukani ukitetemeka usikimbilie alaimenti

Jamani hii ya gari kuukuu ikisumbua kidogo tu mtu anaambiwa kafanye alaimenti, tuiache. Usukani kutetemeka ukifika spidi 80 au 90 hivi mara nyingi ni balansi ya tairi (uzito wake hauko sawa pande zote) au rimu imepinda, hiyo kitu nyingine kabisa. Alaimenti ni kupanga tairi zinaangalia wapi na zimelala kiasi gani, basi.

Sasa chukua Corolla 110, bushi (zile raba za kwenye maungio ya vyuma vya chini) zimekatika, tairodi endi (kiungo cha chuma kinachogeuza tairi ukikata usukani) inacheza, unaipandisha kwenye mashine kompyuta inasoma safi, unalipa, unatoka, tuta la kwanza tu vyuma vishahama na tairi inaendelea kulika upande wa ndani kama kawa. Hela imeenda hiyo. Anza na jeki, shika tairi kushoto na kulia uitikise, ikicheza angalia tairodi, ikicheza juu na chini ni boljointi (kiungo cha duara kinachobeba tairi) au beringi. Badilisha kwanza ndo uende alaimenti.

Na kama inavuta upande pima upepo kwanza (watu wanaruka hii sijui kwa nini), halafu badilishana tairi za mbele, ikianza kuvuta upande wa pili basi ni tairi yenyewe.