Kucheza si kusahau: mtoto mdogo anapofiwa na mzazi

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuambiwa na walezi, tena kwa nia njema kabisa, kwamba mtoto aliyefiwa na mama yake "ameshasahau, mtazame anavyocheza."

Hajasahau. Mtoto wa miaka 4 hawezi kuukabili msiba kwa saa nyingi mfululizo kama mtu mzima. Hulia kidogo, huuliza swali moja, hukimbilia mpira, kisha baadaye hurudi palepale alipoachia. Mapumziko hayo ndiyo yanayomwezesha kustahimili, na anayeyachukulia kuwa dalili ya kupona huacha kumsikiliza mtoto wakati uleule anapohitaji kusikilizwa.

Isitoshe, mara nyingi mchezo wenyewe ndio maombolezo. Nimemwona mtoto akimlaza mwanasesere chini, akamfunika kitambaa hadi usoni, akasubiri, akamfunua na kumwamuru aamke, kisha akaanza upya. Mlezi aliyekuwa kando alitaka kumnyang'anya, akiona ni uchuro. Nilimwomba amwache, kwa kuwa mtoto alikuwa akilipima jambo ambalo wengi hawalielewi sawasawa hadi wafikie miaka 5 hadi 7 hivi: kwamba aliyekufa harudi, na mwili wake hauoni njaa, baridi wala maumivu. Ndiyo maana swali la "Baba atarudi lini?" huulizwa tena na tena hata baada ya kujibiwa vizuri. Mjibuni kila mara kwa maneno yaleyale: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi. Ukimwambia amelala, ataogopa kulala; ukimwambia amesafiri, atamngoja.

Linaloniumiza zaidi ni hatia isiyosemwa. Mtoto wa umri huu huamini kwamba mawazo yake yanaweza kutenda, hivyo aliyewahi kumkasirikia mama yake na kutamani aondoke anaweza kubaki peke yake na imani kwamba ndiye aliyemuua. Hatasema; ataanza kukojoa kitandani, au kumng'ang'ania mlezi, au kuwa mtiifu kupita kiasi, na huyo mtiifu ndiye tunayemsifu kwa ushujaa. Mwambieni bila kungoja aulize: si kosa lako, hukusema, hukufanya wala hukuwaza chochote kilichosababisha kifo hiki.

Ni lini huzuni hugeuka ugonjwa? Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliorekebishwa mwaka 2022 unataja angalau miezi 6 tangu kifo kwa watoto na 12 kwa watu wazima. Ninautumia, ila kwa watoto wadogo nina shaka nao, maana aliyefiwa akiwa na miaka 3 anaweza kuomboleza kwa uchungu mpya akiwa na miaka 8, anapoelewa kwa mara ya kwanza alichopoteza, na sioni hesabu hiyo ya miezi inampimaje. Mimi hushtuka zaidi ninapomwona mtoto aliyeacha kabisa kucheza, au asiyekula wala kulala wiki baada ya wiki. Na anayesema anataka kufa ili amfuate mzazi wake apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo, hata kama maziko yalikuwa jana.