Ukitaka kubana matumizi nyumbani, anza na joto

Kazi yangu ni kupima umeme na maji yanayotumika majumbani. Huitwa pale bili inapopanda na wenye nyumba hawajui kwa nini. Karibu kila ninapoingia nakuta tayari yupo mtu anayejitahidi: anachomoa chaja za simu kila usiku, anawafuata watoto chumba hadi chumba kuzima taa, anakorofishana na nyumba nzima kwa ajili ya swichi. Wakati huohuo birika la umeme limejazwa hadi juu ili mtu mmoja apate kikombe kimoja, na choo kinapitisha maji usiku kucha bila mtu kusikia. Huniuma kuona hivyo. Juhudi ipo, tena kubwa, ila imepelekwa mahali pasipo na pesa.

Pesa ya nyumbani inakwenda kwenye joto. Ukilielewa hilo, utajua pa kukazana na pa kuacha watu wapumue.

Uniti moja ya umeme ni sawa na kifaa cha wati 1000 kuwaka kwa saa nzima. Geuza vifaa vyako usome lebo. Balbu ya LED inayoangaza chumba cha kawaida ni wati 8 hadi 10. Televisheni nyingi za kisasa hazifiki wati 150. Pasi ni wati 1000 na kuendelea, birika la umeme 2000 au zaidi, na hita ya bafuni inayochemsha maji papo kwa papo huweza kuvuka 5000. Kila kifaa kinachotengeneza joto kipo kundi moja, na kila kinachotoa mwanga, sauti au picha kipo kundi jingine kabisa.

Maji ndiyo yanayomeza joto kuliko karibu kitu kingine chochote tunachokigusa nyumbani. Kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji kilojuli 4.2 hivi; kilojuli ni kipimo cha nishati, na uniti moja ya umeme ni kilojuli 3600. Chukua basi kuoga: lita 50 zilizotolewa nyuzi 20 zikapelekwa 40 zinakula zaidi ya uniti 1. Kwa uniti hiyohiyo balbu ya wati 9 ingewaka kwa zaidi ya saa 110. Ndiyo maana nikiulizwa wapi pa kuanzia, sitaji taa. Naanza bafuni: punguza muda wa maji kumwagika, funga koki unapojipaka sabuni, weka kichwa cha bomba la mvua kinachotoa maji machache kwa nguvu nzuri. Kichwa hicho unakifunga siku moja, na baada ya hapo hakuna anayehitaji kukumbushwa. Mimi hupenda zaidi ubanaji wa aina hiyo, unaofanyika mara moja ukaendelea wenyewe, kuliko ule unaomfanya mama wa nyumba kuwa askari.

Kama una tangi la maji moto, usishushe joto lake chini ya nyuzi 60 kwa nia ya kuokoa. Maji yanayokaa vuguvugu hukuza bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu. Okoa kwa kulivika tangi koti la kuzuia joto na kuyafunika mabomba yanayotoka humo.

Jikoni ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi nikizungumza na watu, maana kuna jambo moja ambalo wengi hawajaelezwa. Maji yakishachemka hayapati joto zaidi ya hapo. Usawa wa bahari ni nyuzi 100, na yatabaki 100 hata ukiwasha moto wote ulionao. Moto wa ziada haukiivishi chakula haraka. Unayageuza maji kuwa mvuke tu. Na mvuke ni ghali mno. Kuchemsha lita 1 kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunachukua kilojuli 335 hivi, lakini kuigeuza lita hiyo yote kuwa mvuke kunachukua kilojuli 2257, karibu mara saba. Kwa hiyo sufuria inayofurukuta bila mfuniko, madirisha ya jiko yakitoa jasho, ni pesa inayopaa mbele ya macho yako. Sufuria ikianza kuchemka, punguza moto hadi utakapoona viputo vichache tu vikipanda, kisha funika. Chakula kitaiva kwa muda uleule.

Sufuria ya presha inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo iliyogeuzwa. Kwa kuwa mvuke hauna pa kutokea, msukumo unapanda na maji yanachemkia karibu nyuzi 120 badala ya 100. Hapo ndipo vyakula vikavu vya jamii ya kunde, ambavyo vingekaa motoni kwa saa kadhaa, vinalainika kwa sehemu ndogo ya muda huo. Ukivilowanisha usiku kucha kabla, muda unapungua tena. Kama ningeruhusiwa kuishauri familia inunue chombo kimoja tu cha kubania matumizi, ningesema sufuria ya presha, na iwe yenye vali nzima na mpira usiochakaa.

Birika nalo: pima maji kwa kikombe kabla ya kuyamimina humo. Lita moja inayochemshwa hula karibu sehemu moja ya kumi ya uniti, umeme unaotosha kuichaji simu ya kawaida mara nne au tano. Yule anayechomoa chaja kila usiku angeokoa zaidi kwa kuacha kuchemsha maji yasiyonywewa. Chaja za sasa zilizoachwa ukutani bila simu hula chini ya nusu wati. Kifaa cha kuangalia katika kundi hili ni king'amuzi cha zamani, ambacho huweza kuvuta wati 10 hata kikiwa kimezimwa kwa rimoti; kwa mwaka mzima hizo ni uniti 87. Hicho kichomoe bila huruma.

Mashine ya kufulia hutumia sehemu kubwa ya umeme wake kupasha maji moto, si kuzungusha nguo. Fua kwa maji baridi au nyuzi 30. Sabuni nyingi za siku hizi zina vimeng'enya vinavyofanya kazi vizuri humo. Na kwenye kupiga pasi, kusanya nguo upige kwa mkupuo mmoja, kisha zile laini ziache za mwisho, baada ya kuchomoa pasi.

Friji iko tofauti kidogo. Wati zake si nyingi, lakini haina likizo, na kazi yake ni kulitoa joto ndani na kulitupa nyuma. Ukiibana ukutani au kuiweka jirani na jiko, unaifanya ipigane na joto lake yenyewe. Iachie nafasi nyuma, futa vumbi kwenye mabomba yake membamba, na iweke nyuzi 4 ndani na 18 chini ya sifuri kwenye kigandishi. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, iyeyushe. Mlango upime kwa karatasi: ifungie katikati ya mlango na ukingo, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea au umechafuka. Anza kwa kuuosha kwa maji ya sabuni, kwa sababu mara nyingi ni uchafu tu unaozuia ushike.

Humo ndani ya friji ndimo pia iliko hasara ambayo haionekani kwenye mita yoyote. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani. Si mahotelini wala sokoni, ni majumbani kwetu. Chakula kinachotupwa kimeshalipiwa mara tatu: kununua, kupika na kukigandisha. Dawa yake ni ndogo sana. Kilichonunuliwa zamani kikae mbele, kipya kiingie nyuma, na mabaki yawekwe kwenye vyombo vinavyoonyesha kilichomo, kwa sababu kisichoonekana hakiliwi. Na jifunze kutofautisha tarehe mbili za kwenye pakiti. Ile inayosema bidhaa ni bora zaidi ikitumiwa kabla ya siku fulani inazungumzia ladha na ubora. Ile inayosema mwisho wa kutumia inazungumzia usalama. Ya kwanza ikipita, angalia na unuse kabla ya kuamua. Ya pili ikipita, tupa.

Maji yanayovuja niliyaacha hadi hapa kwa sababu yanahitaji utulivu kuyatafuta. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku, karibu lita 4, na kwa mwaka zaidi ya lita 1,500. Ikiwa ni koki ya maji moto, umelipia na kuyapasha. Mara nyingi kilichoisha ni mpira mdogo wa ndani. Choo ni kibaya zaidi kwa sababu hakionekani: tia rangi ya chakula kwenye tangi lake la maji, usivute kwa nusu saa, halafu angalia ndani ya bakuli. Ukiona rangi imeshuka, mpira wa chini hauzibi. Kwa nyumba nzima, funga koki zote na uitazame mita ya maji. Nyingi zina kigurudumu kidogo, aghalabu chenye umbo la nyota au pembetatu. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna bomba linavuja mahali fulani, huenda chini ya sakafu, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu usafi nina neno moja tu. Siki na magadi ya kuokea vyote husafisha, kila kimoja kwa wakati wake. Ukivichanganya vinatoa povu zuri na kubatilishana nguvu. Lakini dawa ya kung'arisha yenye klorini usiichanganye kamwe na siki wala na amonia. Gesi inayotoka huua.

Yapo pia mambo ambayo huwa nakataa kabisa yabaniwe, hata mwenye nyumba akinisihi. Bomba la mpira la gesi lililopasuka halifungwi kwa utepe, linabadilishwa. Waya wa pasi uliochubuka vivyo hivyo. Na waya wa kurefushia umeme usinunuliwe kwa wembamba wa bei: soma wati zilizoandikwa juu yake, na hita au birika vichomeke moja kwa moja ukutani.